Ruhusa Kamili

Kaka yangu ana ugonjwa wa kusema "nilikwambia." Hata msibani alilisema neno hilo. Kwa hiyo naanza na yeye ili nimalizane naye: ni kweli, aliniambia. Alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, akaangalia kioo cha kompyuta, akasema, "Baba mpe kusoma tu."

Nikamjibu, "Basi panda wewe ukamwambie. Mwambie kwamba ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, yeye ni wa kusoma tu."

Akanywa chai yake. Hakupanda.

Ngoja nieleze hiyo nyumba, maana bila nyumba habari hii haieleweki. Ni ya ghorofa, na ngazi zake ni kali mno. Baba alikuwa fundi mwashi. Alizijenga mwenyewe enzi za nguvu zake, akazibana ili sebule ipate nafasi, na kila mgeni aliyepanda alifika juu akihema. Mama alimtania miaka yote kwamba amejenga ngazi za mbuzi. Utani ule ukaja kutugeukia. Baba alivunjika nyonga, tukampandisha chumbani kwake, hakushuka tena kwa miguu yake. Haukupita muda kifua cha Mama nacho kikaanza kubana, daktari akamkataza ngazi, tukamtengenezea kitanda chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo. Watu waliolala kitanda kimoja tangu ujana wao wakawa wanaishi kama majirani.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, sauti yake ilizoea kuvuka uwanja. Mwanzoni alisimama chini ya ngazi akampigia Baba kelele, "Fundi, umekula?" Baba anajibu, naye anarudi zake stoo ameridhika. Kifua kilipozidi, pumzi ikawa haifiki juu. Ndipo nikawafundisha kutumiana ujumbe wa sauti. Mama alibonyeza simu, akaisemesha kama anayesema na kiziwi, akaachia. Juu, simu ya Baba ikalia. Mimi niliyekaa katikati nilisikia kila kitu mara mbili, kwanza kupitia ukuta wa stoo, halafu kupitia dari.

Simu ya Baba ilikuwa ndogo, ikijaa inakataa ujumbe. Siku moja ilijaa, Mama akaongea mchana kutwa bila kujibiwa, akadhani mumewe amenuna. Tangu hapo akaweka sheria, na kila ujumbe aliumalizia nayo: "Ukishanisikia nifute, Fundi. Nisije nikawa naongea na ukuta." Baba akatii. Anasikiliza, anajibu, anafuta. Kufuta ndiko kulikuwa kumwambia kwamba nafasi ipo, lete nyingine.

Mama alikata kauli asubuhi moja, na jua lilipopanda tukawa hatuna mama. Ili Baba akamzike mkewe, ilibidi Kaka na majirani wamteremshe kwenye kiti, ngazi kwa ngazi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaelekeza pa kukanyaga kwa sababu anazijua.

Mimi sikulia. Watu wakasema nimejikaza. Sikujikaza kitu, anayejikaza ana kitu cha kukaza. Nilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya: unauona ni wako, ukiufinya hausemi. Niliosha masufuria ya watu, nikarudisha viti vya kuazima, nikarudi kwenye meza yangu ya kazi sebuleni. Kazi yangu ni kuchapa: barua, maombi ya kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule. Mteja mmoja alinipa pole, nikamuuliza anataka nakala za rangi au nyeusi. Aliniangalia vibaya. Hata aibu sikuisikia.

Simu ya Mama nilikuja kuikuta chini ya mto wake, betri imevimba hadi kifuniko kimeinuka. Ilikubali kuwaka mara moja tu. Humo zilikuwamo jumbe zote alizomtumia Baba, maana yeye hakuwahi kufuta za kwake. Nikaziingiza kwenye kompyuta ya kazi, nikaziweka kwenye folda niliyoipa jina Mama. Simu ikazima, haikuamka tena.

Sikusikiliza hata moja. Nilizitunza. Nilijiambia ganzi itakaponiachia nitafunga mlango, nizisikilize zote, nilie kama watu wanavyolia. Kuzisikiliza nikiwa vile niliona ni hasara, ni kama kumpa chakula kizuri mtu mwenye mafua. Nilikuwa sina kingine. Folda ile ndiyo ilikuwa njia yangu ya kurudi kuwa mtu.

Baba alipopata habari akaniita. "Siafu," akasema. Jina hilo alinipa Mama kwa sababu ya hasira zangu, na sijawahi kulikanusha. "Nasikia sauti za mama yako unazo. Za kwangu nilishazifuta zote. Si alisema nifute."

"Ninazo, Baba."

"Nami nizisikie."

Alikuwa na laptopu kuukuu ya Kaka, amezoea kuisomea habari kitandani kwa herufi kubwa kama za mabango. Ruta ya intaneti tulikwisha kuifunga chini ya ngazi. Baba aliita mtandao "wifi yako," na ukikatika alinitania, "Leo wifi yako ameninunia, nenda kamsemeshe," huku wifi yangu halisi, mke wa Kaka, akijisikilizia huko jikoni. Kwa hiyo mashine tatu, yangu, ya Baba na ya Kaka, zilikuwa tayari kwenye mtandao mmoja. Kilichobaki kilikuwa kuzifanya zionane na kuishirikisha ile folda.

Sikutaka kumnakilia kwenye laptopu. Ile diski ilikuwa inakwama, siku yoyote ingekufa. Nikawaza, faili zikae kwangu, salama, wao wazifikie kutoka huko waliko. Nikaishirikisha, nikapanda juu, nikamwonyesha Baba pa kubofya. Folda ikaonekana. Akaibofya. Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Huna ruhusa ya kufungua folda hii. Wasiliana na msimamizi." Akavua miwani. "Msimamizi ni nani?"

"Ni mimi, Baba."

Akanitazama kidogo. "Haya. Nawasiliana nawe."

Nikashuka. Ruhusa za folda, kwa asiyezijua, zina milango miwili. Kuna mlango wa mtandao, na kuna mlango wa folda yenyewe. Ukifungua mmoja ukasahau mwingine, mtu anabaki barazani. Nilifungua wa kwanza tu. Sasa nikafungua na wa pili, na hapo ndipo mashine inapouliza: huyu unampa nini? Kusoma tu, yaani afungue na kusikiliza, basi. Au ruhusa kamili, aguse chochote, abadilishe, afute. Na hapo ndipo Kaka aliposimama nyuma yangu na chai yake.

Alisema kweli. Lakini nilikuwa nimetoka tu kumsikia Baba akisoma kwamba hana ruhusa. Nikalitazama jina lake kwenye kile kisanduku, jina la mtu aliyebeba tofali la kwanza la nyumba hii begani, na mkono ukakataa kuweka tiki kwenye kusoma tu. Mtu hamwekei baba yake mpaka. Nikampa ruhusa kamili. Kaka nikampa kusoma tu, kwa kumkomoa.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe umejenga nini humu?"

Akaenda zake akicheka puani.

Baada ya hapo, kila asubuhi nilimsikia Mama kupitia dari. Maneno hayakushika, ni mlio tu, ule wa kusema na kiziwi. Kisha kimya. Kisha Baba anakohoa, kitanda kinalia, basi mpaka kesho. Nikawa nawasha printa saa ile. Si kwamba iliniuma. Nilihofia nikizisikia vipandevipande nitaziharibu kabla siku yangu haijafika. Chai yake nilimpelekea, nikamkuta ametulia, uso umenyooka. Nikamwonea wivu. Nikasema huyu amepata dawa, na dawa ni mimi niliyemfungulia mlango.

Jumapili moja mchana Kaka akaja na flashi, anataka kunakili zile sauti ili wanawe wakikua wamjue bibi yao. Nilikuwa jikoni. Akaniita kwa upole, na upole wake ndio ulionishtua.

"Dada, umezihamishia wapi?"

"Nini?"

"Za Mama. Humu mna moja tu."

Nikaja na mikono ina povu. Folda ilikuwa wazi kwenye laptopu yake. Faili moja, juu, peke yake, na chini yake weupe mtupu. Nikamwambia ni laptopu yake, laptopu yake daima ina mambo. Nikakaa kwenye kompyuta yangu, nikafungua. Moja.

"Umefuta wewe," nikamwambia.

"Nifuteje? Wewe mwenyewe ulinipa kusoma tu."

Nikafungua pipa la taka la kompyuta, mahali faili zilizofutwa zinapongojea. Mlikuwa na kadi za harusi zilizokosewa tarehe. Za Mama hazikuwamo, na nilijua kabla sijaangalia, maana faili likifutwa kutoka mashine nyingine kupitia mtandao halipiti pipani. Linakwenda moja kwa moja. Nikatafuta programu ya kufufua vilivyofutwa, nikaiacha ihangaike mpaka mapovu yakanikaukia mikononi. Ilinirudishia barua za wateja. Diski ya kompyuta yangu ndiyo niliyoifanyia kazi kila siku, na kila nilichochapa kilikaa juu ya pale alipokuwa Mama. Maji yakimwagika hayazoleki.

Walioweza kufuta ni wawili. Mmoja ni mimi.

"Asiyesikia la mkuu," Kaka akaanza, akaiachia hapo. Alikuwa amegeuka rangi. Akaanza kupanda ngazi kwa kishindo, nami nyuma yake. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na mahali tu ambapo hasira ingekaa.

Baba alikuwa ameegemea mito, laptopu imefungwa mapajani.

"Baba," Kaka akasema, "zile sauti za Mama."

"Nimeshazisikiliza."

"Zote?"

"Nilikuwa najipimia. Moja kila asubuhi, siku nyingine mbili nikizidiwa." Akapapasa kifuniko cha laptopu. "Ya mwisho ilikuwa juzi."

"Na ukishasikiliza?"

Baba akamtazama kama anayeulizwa jina lake. "Nafuta. Si ndivyo alivyotaka? Mwisho wa kila moja anasema nimfute. Mashine inaniuliza, una hakika? Nabofya ndiyo." Akaisogeza laptopu pembeni. "Msidhani nimechanganyikiwa. Najua amekufa, nilimzika. Lakini mtu akikuomba kitu kwa sauti yake mwenyewe, utamkatalia? Na nikishafuta najisikia nimemjibu."

Kaka akavuta pumzi. Nilijua inakuja. Lakini Baba akatangulia, kwa wepesi tu:

"Hata hivyo hizo ni zangu za huku. Za kwenu si ziko huko chini?"

Sikuwahi kumweleza. Nilimwonyesha pa kubofya, sikumwambia kwamba anachokiona juu ndicho hichohicho kilichoko chini, kwamba hakuna cha huku wala cha huko. Kwake yeye, kitu kikionekana katika laptopu yake basi kimo humo.

Kaka akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote.

"Ziko, Baba," nikasema.

"Zitunzeni," akasema. "Zina mambo mazuri. Kuna moja anacheka mpaka anakohoa, ananicheka mimi na ngazi zangu."

"Tutaisikiliza."

"Isikilizeni." Akafumba macho. Tulipofika mlangoni akaniita. "Siafu. Ile moja nimekuachia. Si yangu."

"Si yako vipi?"

"Zangu zote zinaanza na Fundi. Ile imeanza na jina lako. Alikosea kubonyeza, ikaja kwangu. Hata siku ile aliyoituma nilisikia 'we Siafu' nikaizima hapohapo, nikamwambia umekosea njia. Akasema basi, nitamwambia mwenyewe. Mambo ya mtu na mama yake siyasikilizi."

"Ungeisikiliza tu, Baba. Ruhusa unayo."

"Hiyo ni ruhusa ya kompyuta," akasema, akageukia ukutani.

Tukashuka. Kaka alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akashika kichwa. Nilingoja aseme. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema alikuwa ameniambia. Alinyanyuka, akanishika bega kidogo, akachukua flashi yake tupu, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kiti changu. Siku yangu niliyokuwa naingojea haikuwa imefika, lakini sikuwa tena na cha kuitunzia. Nikabofya.

"We Siafu," Mama akasema. Alikuwa karibu mno, na kifua kinapiga mluzi. "Uko wapi? Nakusikia hapo unagongagonga hiyo mashine yako. Nimekuita kwa mdomo, nimegonga ukuta, husikii, umeziba masikio na hizo nyaya zako. Njoo unigeuzie mto, mwanangu, mkono haufiki."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio mdogo, taratata, taratata. Ilinichukua muda kuutambua. Ni mimi nilikuwa nachapa, upande wa pili wa ukuta.

"Halafu mpelekee baba yako ile shuka nyepesi, huko juu kuna joto. Usiseme nimekutuma, atasema namdekeza." Akapumzika. Taratata, taratata. "Basi, maliza kwanza kazi ya watu. Nitangoja. Si unakuja."

Mguu wenye ganzi haukuumi ukiwa na ganzi. Unauma unapoamka. Nikainama juu ya meza mpaka paji la uso likagusa vitufe, na kioo kikajaa herufi zisizo na maana. Nililia kwa sauti mbaya. Mto ule sikuugeuza. Hakuna aliyeniambia.

Sauti ilikuwa bado inakwenda. "Na wewe," Mama akasema, "ukishanisikia—"

Nikasimamisha.

Zilibaki sekunde chache, zinaonekana pale chini kama kijistari kisichofika mwisho. Najua kilichomo. Nyumba nzima inakijua. Nikajipangusa kwa kiganja, nikafungua ruhusa za folda ile, nikatafuta jina langu mwenyewe. Nikaondoa tiki zote, nikajiachia kusoma tu. La Baba sikuligusa.

Kutoka juu, kitanda kikalia.

"Siafu," akaita Baba. "Umeshaisikia?"

"Bado, Baba," nikasema.